Laptopu ya nyumbani: ninunue antivirusi au iliyomo inatosha?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro. Nina HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ina Windows 10. Nyumbani tunaitumia wote: mimi natunga mitihani na kujaza alama, watoto wanaangalia masomo na katuni, na kijana wangu mkubwa anaingia na flashi zake kutoka steshenari. Intaneti ni ya simu, nawasha hotspoti. Duka moja linaniuzia antivirusi ya mwaka mmoja kwa Sh 45,000, na fundi wa mtaani anasema ataniwekea hiyohiyo kwa Sh 10,000, tena “isiyoisha muda”. Mwenzangu kazini anasema Kaspersky imepigwa marufuku Marekani, nisiiguse. Nichague ipi? Halafu babamkwe ana kompyuta ya mezani ya Windows 7, naye nimsaidieje?

Jibu: Salama kabisa, mwalimu. Nianze na ile ya Sh 10,000. Wewe umeiuliza kama suala la bei, mimi naiona ni suala la hatari. Kampuni kubwa za antivirusi huuza leseni kwa mwaka. Fundi anayekuahidi isiyoisha muda ana moja kati ya mawili. Huenda ni namba ya leseni inayozungushwa kwenye makundi ya Telegram, ambayo kampuni ikiishtukia inaizima, nawe unabaki na programu iliyokaa tu, haipokei chochote kipya. Au ni kraki, kiprogramu kinachoidanganya antivirusi iamini kwamba imelipiwa.

Kraki nyingi zinakutaka kwanza uzime ulinzi wa Windows. Maelekezo yake husema hivyo wazi. Yaani unamtoa mlinzi getini, kisha unamkaribisha mgeni usiyemjua na kumpa funguo za vyumba vyote. Wenye nia mbaya wanaijua njia hiyo vizuri. Kuna familia ya virusi inayoitwa STOP, au Djvu, ambayo imesambaa duniani hasa kwa kujificha ndani ya kraki za Windows, za Office, za michezo na za programu za picha. Mtu anaweka kraki jioni, asubuhi anakuta kila picha na kila hati imeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina na haifunguki. Kwenye kila folda kuna faili linaloitwa _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure inayofungua mafaili ya matoleo ya zamani ya kirusi hicho. Matoleo ya baadaye mengi hayafunguki. Wanaolengwa si benki wala mashirika. Ni watu wa nyumbani, wenye kompyuta kama yako.

Kwa hiyo fundi umshukuru, umwambie hapana.

Sasa hiyo ya Sh 45,000. Kabla hujatoa hela, jua kwamba antivirusi tayari unayo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft wanaiweka ndani ya Windows bila malipo. Leo inaitwa Microsoft Defender, na kwenye Windows 10 inajiwasha yenyewe kama hakuna nyingine. Zamani mafundi tuliicheka, na miaka ile ilistahili kuchekwa. Hali imebadilika. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima antivirusi hizi mara kwa mara na kutoa alama hadi 6 katika ulinzi, na Defender kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikikaa kwenye alama za juu, sambamba na za kulipia. Kwa mwalimu anayetunga mitihani na watoto wanaoangalia katuni, msimamo wangu ni kwamba Defender inatosha, kwa sharti kwamba inafanya kazi kweli. Sharti hilo ndilo watu wengi hawalitimizi, na laptopu yako, kwa namna ulivyoieleza, ina dalili mbili za kunitia wasiwasi.

Dalili ya kwanza ni kwamba umeinunua ikiwa imetumika. Laptopu hizi zinaingia nchini bila Windows au na Windows ya ofisi ya kigeni, kisha mtu wa duka anaweka nyingine haraka haraka, mara nyingi kwa kraki. Fanya hivi leo. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua. Ingia “Virus & threat protection”. Ukikuta hapo jina la antivirusi nyingine, labda McAfee ya majaribio iliyokwisha muda, Defender imekaa pembeni kuipisha hiyo. Iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, Defender itaamka. Hapo hapo shuka kwenye “Manage settings”, halafu huko chini “Exclusions”. Hii ni orodha ya sehemu ambazo Defender imeambiwa isizikague. Kwenye kompyuta safi ya nyumbani orodha hiyo huwa tupu. Ukikuta imeandikwa C:\ peke yake, maana yake diski nzima ya Windows haikaguliwi, huku alama ya kijani ikiendelea kukuonesha kwamba kila kitu kiko shwari. Ukikuta folda ya programu usiyoijua, au maandishi mekundu yanayosema mipangilio inasimamiwa na msimamizi wako wakati msimamizi ni wewe mwenyewe, kuna mkono uliopita hapo.

Ukikuta hayo, sikushauri uanze kuwinda virusi kimoja kimoja. Hamisha hati zako tu, si programu, kisha iwekwe Windows upya kutoka kwenye faili la Microsoft lenyewe, linalopakuliwa bure kwenye tovuti yao. Kompyuta nyingi za HP za ofisini zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro ndani ya ubao wake, kwa hiyo ukiweka toleo hilohilo inaitambua yenyewe bila kraki. Wauzaji wengi hawalijui hili, au wanalijua na wamezoea njia ya mkato.

Dalili ya pili ni hotspoti. Wengi wetu, ili bando lisiliwe na Windows, tumeweka alama kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi panaandikwa “Metered connection”. Ni uamuzi wa busara kwa mfuko, lakini Windows ikiona alama hiyo inaahirisha masasisho mengi, na Defender nayo inaweza kukaa bila taarifa mpya za virusi. Rudi kwenye “Virus & threat protection”, angalia “Protection updates” imesasishwa lini. Ikiwa ni jana au leo, vizuri. Ikiwa imepita wiki, bonyeza “Check for updates” siku ukiwa na bando la kutosha, au ukiwa sehemu yenye Wi-Fi. Pia Microsoft wanatoa faili la taarifa hizo la kupakua kwa mkono; linazidi MB 100, unaweza kulichukua shuleni ukalileta nyumbani kwa flashi. Jambo hili likifanywa mara moja kwa wiki linakusaidia kuliko kubadilisha jina la antivirusi.

Hapa niseme ukweli upande wa pili pia, maana wenye duka hawakuongopei kwa kila kitu. Defender inategemea sana mtandao. Ikikutana na faili la kutilia shaka, huuliza kwenye seva za Microsoft. Maabara nyingine, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima pia uwezo wa antivirusi zikiwa hazina mtandao, na hapo Defender huachwa nyuma na baadhi ya za kulipia. Kwa nyumba ya Ulaya yenye intaneti saa 24 hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba inayowasha hotspoti nusu saa kwa siku na kupokea flashi za watu wengine siku nzima, si dogo. Kama ndivyo mnavyoishi, na kama Sh 45,000 haitaumiza kitu kingine, basi kununua kuna mantiki. Ningekuelekeza kwenye ESET ya Slovakia, ambayo ina sifa ya kutoielemea kompyuta yenye umri kama yako, au Bitdefender ya Romania. Ila hakikisha mambo matatu dukani: namba ya leseni iko ndani ya kasha ambalo halijafunguliwa, leseni ni ya Afrika, kwa sababu baadhi ya kampuni hugawa dunia kwa kanda na namba iliyoletwa kutoka Dubai inaweza kukataa kuamka hapa, na ukisajili, usiweke kadi ya benki. Bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia wateja, na wa pili unakatwa kimyakimya kwa bei kamili.

Usiweke mbili kwa pamoja. Kila moja inataka kuwa ya kwanza kukagua kila faili linalofunguliwa, na EliteBook ya kizazi hicho itakuwa inafungua Word kwa dakika nzima.

Kuhusu Kaspersky, mwenzako hajakosea, ila habari ameisikia nusu. Juni 2024 Wizara ya Biashara ya Marekani ilizuia kampuni hiyo ya Urusi kuuza bidhaa zake kwa wateja wa Marekani, na kuanzia 29 Septemba mwaka huo ikazuiwa hata kuwapa masasisho. Sababu iliyotolewa ni hofu kwamba serikali ya Urusi inaweza kuilazimisha kampuni kutumia programu hiyo kupeleleza. Kampuni ilikanusha. Wateja wengi wa Marekani waliamka wakakuta Kaspersky imetoweka na mahali pake kuna kitu kinachoitwa UltraAV ambacho hawakukiomba. Hilo lilinikera kuliko marufuku yenyewe, maana lilionesha jinsi antivirusi inavyoweza kufanya itakacho ndani ya kompyuta yako. Marufuku hiyo haituhusu kisheria, na kwa uwezo wa kukamata virusi Kaspersky imekuwa miongoni mwa bora kwa miaka mingi. Kama ingekuwa kompyuta ya wizara ningeiepuka. Kwa laptopu yenye maswali ya Baiolojia ya kidato cha pili sioni Moscow ikipoteza usingizi. Ukiinunua kihalali, haya. Usipoinunua, hujakosa kitu.

Ya bure nayo ina hesabu zake. Avast, ambayo imejaa kwenye kompyuta za mtaani, ilikutwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wakitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5. Na ukienda dukani ukaanza kulinganisha Avast, AVG, Avira na Norton, ujue unalinganisha ndugu: zote nne leo ni za kampuni moja, Gen Digital.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lingekuwa la kwanza kama ningekuwa nimekaa mbele ya laptopu yako. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025. Microsoft wataendelea kuipa Defender taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, kwa hiyo antivirusi haifi. Kinachokoma ni kuzibwa kwa matundu ya Windows yenyewe, yaani kasoro ambazo wavamizi huzitumia kuingia, na tundu la Windows halizibwi na antivirusi yoyote, iwe ya bure au ya laki. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita duniani kwa siku chache na kufunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza; kiliingia kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka tangu Machi. Wengi wa walioumia hawakuwa wamekiweka.

Je, laptopu yako inaweza kupanda Windows 11? Kwa processa za Intel, Microsoft wanataka kizazi cha nane au zaidi. Angalia kibandiko au andika “About” kwenye mipangilio: i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. 840 G3 ni ya kizazi hicho, kwa hiyo haimo. G5 za kizazi cha nane ndizo zinazoingia. Likumbuke hilo siku ukirudi Kariakoo, kwa sababu muuzaji atakuonesha mbili zinazofanana kabisa kwa rangi na umbo. Kwa sasa unayo njia ya muda. Microsoft wametoa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Ingia Settings, kisha Windows Update, utafute maneno ya kujiandikisha. Unahitaji akaunti ya Microsoft, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, vinginevyo ni dola 30. Ukifanya hivyo umepata ulinzi mkubwa kuliko ambao duka lingekuuzia.

Flashi za kijana. Huko steshenari kirusi kinachotawala ni kile kinachoficha mafaili yote na kuacha mahali pake njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale. Mtoto anabofya “Kazi ya Historia”, faili linafunguka kweli, na wakati huohuo kirusi kimeingia kwenye kompyuta. Mwambie: flashi ikitoka nje, kabla ya kufungua chochote, abofye kitufe cha kulia juu ya flashi na achague kuikagua kwa Defender. Kama mafaili yameshafichwa, hayajafutika. Ukague kwanza, kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya dakika chache hati zinarudi kuonekana, nawe ufute zile njia za mkato. Atakayekwambia uweke Smadav juu ya antivirusi yako kwa ajili ya flashi hana nia mbaya, ni programu ya Indonesia iliyopendwa sana na wenye steshenari, ila ukiwa na Defender iliyosasishwa sioni itakachokuongezea. La maana zaidi ni kumpa kijana akaunti yake ya Windows isiyo na mamlaka ya msimamizi. Akibofya kitu kibaya, Windows itadai nenosiri lako kabla ya kukiruhusu kugusa mfumo. Atalalamika wiki moja.

Na hizo Sh 45,000, kama hutanunua antivirusi, zinakaribia bei ya flashi mbili nzuri za GB 64. Nunua, weka ndani mitihani, alama na picha za familia, kila Ijumaa unakili upya, na ukimaliza uichomoe. Iliyobaki imechomekwa nayo inafungwa pamoja na nyingine siku kirusi kikiingia. Moja ikae kabatini shuleni.

Ndani ya Windows Security kuna kitu kinaitwa “Controlled folder access” ambacho huja kikiwa kimezimwa. Kinazuia programu zisizojulikana kubadilisha mafaili kwenye Documents na Pictures. Kiwashe. Kitakusumbua mara moja moja kwa kuizuia programu halali, nawe utairuhusu kwa mkono.

Tumalizie na babamkwe. Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020, na kwenye hiyo sikuchagulii antivirusi, kwa sababu matundu yake ya miaka yote hiyo yanajulikana na yameachwa wazi. Muulize kwa heshima anaitumia kwa nini hasa. Kama ni kuandika barua na kusikiliza kaswida zake za zamani, ichomoe kwenye intaneti kabisa, ibaki hivyo, na flashi zake zipitie kwako kukaguliwa kwanza. Kama anaingia mtandaoni, kusoma magazeti na kuongea kwa video na wajukuu, muwekee Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows: ni bure, inakimbia hata kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4, na sura yake haiko mbali na aliyoizoea. Kabla ya kuiweka, iwashe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mkae naye, uone kama printa na spika zake zinaitikia. Zikigoma, usiiweke, rudi kwenye ile njia ya kwanza.